Mstari Juu ya Sikio la Kushoto

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama saluni kwangu, mkono mmoja umeshika rasta, mwingine umeshika kichwa cha mteja, mdogo wake alipotuonyesha video kwenye simu. Mzee wa Kiitaliano, mvi zimemjaa, koti refu jeusi, amesimama pembeni mwa uwanja. Timu anayoifundisha imefunga bao dakika za mwisho kabisa. Wasaidizi wake wanarukaruka, wanakumbatiana, mmoja kadondosha miwani. Yeye katulia. Kakunja mikono kifuani na kuinamisha kichwa, utadhani yuko msibani. Timu iliyofungwa, kumbe, ndiyo iliyomlea alipokuwa mshambuliaji kijana, na kwa sababu hiyo hashangilii.

"Eish, huyu muzee iko na heshima," alisema yule kijana.

"Vraiment," mteja wangu akajibu. "Watu kama hawa wameisha."

Saluni nzima ikakubali. Mimi nikaacha kichwa cha watu nusu, nikatoka nje kwenye baraza, nikasimama pale kwenye kelele za taxi na wauza amagwinya, maandazi ya huku kwetu. Ilikuwa hasira ya kitoto kabisa, na mimi ni mtu mzima nalipa kodi ya fremu. Hebu nikueleze ilikotoka, kwa sababu pale ndani sikumweleza mtu.

Fremu hii ilikuwa ya mama yangu. Ni ileile, katikati ya jiji la Durban, isipokuwa zamani ilikuwa imegawanywa na pazia la maua mekundu. Upande wa dirishani mama alisuka. Upande wa ndani aliukodisha kwa kinyozi mmoja, Mkongo wa Uvira, ambaye sisi watoto tulimwita tonton kama watoto wa Kikongo wanavyowaita wajomba zao, ingawa sisi ni watu wa Kigoma na hakuwa mjomba wetu kwa lolote. Mama alimwita kaka, naye akamwita mama yangu dada, na sahani za chakula zilipita chini ya pazia siku nzima. Dagaa wetu walikwenda kwake, sombe lake, kisamvu cha Kikongo, lilikuja kwetu, limepikwa na mawese mpaka linang'aa. Nikisikia leo harufu ya mawese na spiriti pamoja, natafuta pazia kwa macho.

Huyo kinyozi alikuwa na mambo mawili maishani. La kwanza ni timu yetu, watoto wa ghorofa za karibu, Wakongo, Warundi, Watanzania, aliotupandisha mlima kwa miguu kila Jumamosi asubuhi hadi kiwanja kimoja cha Glenwood. La pili ni yule Mwitaliano wa kwenye video, enzi hizo akiwa bado mchezaji.

Habari za Mwitaliano tulizijua kuliko za ndugu zetu waliobaki nyumbani. Tulijua baba yake alikuwa mwoka mikate. Tulijua alianza kwenye timu ya mji mdogo, uwanja wake una reli nyuma ya goli, na mashabiki walikuwa wakiipigia kelele treni ikipita wakati wa kona. Tulijua alifunga mabao mpaka timu kubwa zikaja kumwita, akakataa. Timu ikashuka daraja, wenzake wakatawanyika kila mmoja na begi lake, yeye akabaki akacheza huko chini na kuirudisha juu. Kinyozi alikuwa na diski ya mabao yake, aliyoinunua kwa mtu wa barabarani, imekwaruzika hata bao la saba lilikuwa linakwama miguu ikiwa hewani. Alikuwa akiisimamisha picha na kutufundisha kwa kitana, mteja kakaa na povu shingoni anasubiri.

"Angalia kidevu," alikuwa akisema. "Kidevu inaenda kuume. Macho inaenda kuume. Kipa naye anaenda kuume. Bon. Sasa angalia mguu."

Mguu ulipiga chini, kushoto. Kila penalti. Nilijifunza kupiga vile kwenye korido ya ghorofa yetu, kwa mpira wa soksi, mpaka jirani wa chini akaja kugonga mlango. Na nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu. Kwenye timu yote ya wavulana, mimi msichana pekee ndiye niliyevaa tisa, namba ya Mwitaliano, na kinyozi hakuniita kwa jina langu tena. Aliniita Tisa.

Tatizo langu lilikuwa kichwa. Kichwa changu hakikuwa changu, kilikuwa kibao cha saluni. Kila Jumapili baada ya ibada na chakula, mama alinikalisha chini katikati ya magoti yake na kujaribu msuko mpya, twende kilioni, vitunguu, mistari ya kupinda kama njia ya panya. Jumatatu wateja wakija hawakuonyeshwa picha, walionyeshwa mimi. "Geuka," mama aliniambia, nikageuka. "Inama," nikainama. Mteja akasema asukwe kama mtoto, basi kazi ikaanza. Ndivyo tulivyokula. Na kwa kuwa msuko ukifumuka mama anakosa kibao wiki nzima, nilikatazwa kupiga mpira kwa kichwa. Hebu fikiria, mshambuliaji wa kati anayeukwepa mpira wa juu kama anakwepa jiwe. Wavulana walicheka mpaka wakakaa chini.

Halafu kulikuwa na ile desturi ya mashindano. Kabla ya kila kombe la watoto wa makanisa, Ijumaa jioni, kinyozi aliweka ubao juu ya mikono ya kiti chake na kuwanyoa wavulana wote mkato mmoja, wa Mwitaliano. Nywele fupi kabisa, na mstari mmoja mwembamba juu ya sikio la kushoto. Waliposhuka pale kitini walikuwa timu. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa pazia na misuko yangu, nasikia mashine inavyonguruma, naona wivu. Kombe la kwanza lilipita hivyo, na la pili.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na moja, wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, Mwitaliano alihama. Si kuhama tu, alikwenda kwa mahasimu, timu tajiri ya mji wa jirani, wale ambao mashabiki wa timu yake walikuwa hata hawalitaji jina lao. Kinyozi alipopata habari alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, kitambaa cha kunyolea kiko begani, akakizungusha kiti polepole kwa mguu mpaka kikaangalia ukutani. Mteja aliyeingia aliambiwa arudi kesho. Nilidhani atalibandua lile bango la Mwitaliano lililokuwa juu ya kioo, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia kulichana.

Hakulibandua. Wiki iliyofuata alianza kumtetea. Mara alisema timu ndiyo ilimuuza, mara kwamba mtu ana watoto, mara kwamba huko mahasimu wana uwanja wa kisasa na daktari wao wenyewe. Siku Mwitaliano alipoifunga timu yake ya zamani kwa mara ya kwanza, alikunja mikono kifuani na kuinamisha kichwa. Kinyozi akatuita wote tuje kuangalia.

"Munaona? Hajashangilia," alisema, na macho yalikuwa yamelowa. "Mutu akienda na heshima, bado ni wa kwenu."

Tukatikisa vichwa kukubali. Tulikuwa watoto, na yeye ndiye aliyetufundisha kila kitu.

Kombe la mwaka huo lilipangwa kuchezwa Pinetown, na mechi yetu ya kwanza ilikuwa na watoto wa kanisa moja la hukohuko. Wiki moja kabla, Ijumaa, mama alitoka kwenda kununua rasta za jumla. Mimi nikajifungia kwenye choo cha korido ya nyuma na kufumua kichwa kizima kwa mpini wa kitana. Msuko ulikuwa wa siku tano, mzuri kuliko yote aliyowahi kunisuka, na mwanamke mmoja alikuwa ameahidi kuja Jumatatu kusukwa uleule. Nilijua hilo. Nilifumua tu. Wavulana walipomaliza kunyolewa, nikavuta pazia nikapanda kwenye ubao.

Kinyozi alinitazama kwenye kioo. "Tisa, mama anajua?"

"Anajua," nikadanganya.

Alijua nadanganya, hilo nakuhakikishia. Alisimama na mashine mkononi, inawaka, bila kuniwekea kichwani, muda mrefu hata wavulana wakaanza kusukumana mlangoni. "Vraiment unataka? Zikikatwa, zimekatwa."

"Nataka kama yake," nikasema.

Akanyoa. Nilihisi upepo kwenye ukosi kwa mara ya kwanza maishani. Alipofika kwenye mstari alibana midomo, akauchora kwa wembe taratibu sana juu ya sikio langu, akapuliza vinywele, akarudi nyuma kuangalia. Wavulana walipiga makofi. Sijawahi kujiona mzuri kama siku ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu hilo analijua.

Mama aliingia na mifuko miwili. Niliinua bega kujikinga kofi ambalo halikuja. Aliniangalia, akaweka mifuko chini, kisha akamwangalia kinyozi, ambaye alikuwa anafagia nywele zangu na hainui uso.

"Na wewe," mama alimwambia, kwa sauti ya chini. "Leo? Leo kweli?"

"Dada, aliniomba."

Mama akaokota mifuko akaipeleka upande wake. Jioni alinipaka mafuta ya nazi kichwani kwa vidole vyake vyote kumi, polepole, na nikaona nimeshinda. Nikalala na furaha kama mjinga.

Jumatatu nilipotoka shule, nyuma ya pazia kulikuwa kutupu. Kiti hakipo, mashine hazipo, diski hazipo, hata msumari wa taulo ulikuwa umeng'olewa. Lililobaki ni bango la Mwitaliano juu ya kioo. Mama alisema kasafiri kidogo, ana shughuli, tusimsumbue. Yule mwanamke aliyeahidi alikuja, akaniangalia, akauliza msuko uko wapi, na mama akacheka akasema mtoto kapata chawa. Chawa! Nilikubali hata hilo, kwa sababu Jumamosi tonton angerudi na ningepiga mpira wa kichwa mbele yake.

Jumamosi mwalimu wa shule ya Jumapili ndiye aliyetupeleka Pinetown, mtu mwema ambaye mpira aliujua kwa kuusikia. Mama alifunga saluni akaja pia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na njia nzima alinishika mkono. Tulifika kiwanjani, wavulana kumi wenye mistari juu ya masikio na mimi, tukawakuta wenyeji wanapasha misuli kwa jezi mpya za manjano. Mbele yao, na filimbi shingoni, alikuwa kinyozi wetu.

Mdogo wetu kuliko wote akamkimbilia, akadhani kaja kutusubiri. Kinyozi akampokea, akamshika kichwa, kisha akamgeuza mabega taratibu na kumrudisha kwetu. Hapo ndipo tulipoelewa. Alitusalimia mmoja mmoja kwa jina, na mimi akaniita Tisa.

Nilichokuja kukijua baadaye ni hiki. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Pinetown mwenye duka la kunyolea lenye viti vitatu na maji ya bomba ndani, na kanisa lake lilitaka kocha. Walikuwa wamekubaliana mwezi mzima nyuma. Kwa hiyo Ijumaa ile aliponinyoa kwa ajili ya mechi, alikuwa anajua atakaa benchi lipi. Na mama alijua pia, kwa kuwa alipewa taarifa ya kuachiwa upande wa ndani, na kinyozi alimwomba asituambie watoto, tusije tukavunjika moyo kabla ya mchezo. Mama akakubali. Huyo nilimsamehe, lakini ilinichukua miaka, na hata nilipomsamehe sikumwambia, nikaacha aendelee kujiuliza. Si sifa njema, najua.

Tulicheza. Wao walifunga mapema. Kipindi cha pili mpira ulikuja juu kutoka kona na mimi, kwa mara ya kwanza kwenye mechi, niliruka nikaupiga kwa paji la uso. Bao. Nilisikia wavulana wananirukia mgongoni, na jicho langu, nitakueleza ukweli, lilikwenda kwenye benchi lao kuona kama ameona. Alikuwa ameona. Alitabasamu kabla hajajizuia.

Karibu na mwisho mmoja wetu aliangushwa mbele ya goli. Penalti. Hapakuwa na mjadala nani apige. Niliweka mpira, nikarudi hatua nne. Kipa wao alikuwa mvulana mrefu mwenye glavu kubwa kuliko mikono yake. Niliinua kidevu kuelekea kulia. Nikaangalia kulia. Yule kipa hakuniangalia mimi hata kidogo. Aliangalia benchi lake.

Nikageuka nikaona kinyozi anajikuna sikio la kushoto kwa kidole kimoja, pale ambapo kwetu sisi palikuwa na mstari.

Bado nilipiga kushoto. Sikujua kupiga kwingine, hakunifundisha. Kipa alikwisha kwenda huko kabla mguu wangu haujagusa mpira, akaudaka kifuani na kuukumbatia. Mpira ukapigwa mbele, wakakimbia nao, wakafunga, na filimbi ya mwisho ikalia.

Watoto wa manjano walimwagika uwanjani. Wazazi wao walipiga vigelegele. Na yeye, wewe unajua alifanya nini? Alikunja mikono kifuani. Akainamisha kichwa. Alisimama hivyo mbele ya kiwanja kizima, watu wakamtazama, na nikasikia mama mmoja pembeni anasema jamani, huyu kocha ana utu, hafurahii kwa ajili ya watoto wake wa zamani.

Afadhali angeshangilia. Nimelisema hili kimoyomoyo kwa miaka yote hii, sasa nalisema kwako. Angeruka, angepiga kelele, angevua shati akazunguka nalo, ningejua nimefungwa na mtu wa timu nyingine, ningelia, ningeoga, yangeisha. Lakini alichukua ushindi na huruma ya watu pia. Hata huzuni, ambayo ilikuwa yetu sisi, aliichukua akasimama nayo mbele ya kila mtu. Kisha akaja akaniwekea mkono kichwani, juu ya nywele alizozikata mwenyewe, akasema, "Umepiga muzuri, Tisa. Iko siku ingine."

Niliutoa mkono wake. Mama alikuwa nyuma yangu na hakunikemea.

Timu haikuendelea. Mwalimu alijaribu Jumamosi mbili tatu, kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaja, na zilipokwisha hakuna aliyekuja kutugongea mlango. Wavulana wametawanyika sasa, mmoja yuko Cape Town, wawili Kanada, mdogo wetu anaendesha taxi hapahapa na akinipita hupiga honi. Kiwanja cha Glenwood kimejengwa ghorofa za wanafunzi. Mama amepumzika miaka minne sasa. Pazia la maua mekundu nililifua likachanika mkononi.

Kinyozi alikuja mara moja tu, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa na mama bado yupo. Alikuwa amenenepa, ana mvi kwenye ndevu, kashika mfuko wa machungwa kama mgeni wa hospitali. Wakaongea na mama habari za watu. Nilimpa chai, sikuketi. Alipoinuka kuondoka alisimama mlangoni na kunitazama kichwani, akasita.

"Tisa. Ile siku sikushangilia. Uliona, hein?"

"Niliona, tonton," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, ameridhika, kana kwamba nimempa kitu alichokuwa akikisubiri. Akaniambia sharp, kwaheri ya huku, akaondoka zake kuelekea robot, zile taa za barabarani za kona. Tangu siku hiyo sijui yuko wapi.

Jumamosi iliyopita, hasira iliposhuka, nilirudi ndani, nikaosha mikono, nikashika kichwa cha mteja wangu. Nikamwomba yule kijana airudie video. Sikumwangalia Mwitaliano safari hii. Nilitafuta nyuma yake kama kuna yeyote wa ile timu ya zamani, na alikuwapo, mchezaji mmoja kijana kakaa chini kwenye majani na soksi zimeshuka, anamtazama mgongoni. Kamera ilimpita haraka ikarudi kwa mzee.

"Dada," mteja akaniuliza, "wewe unasuka muzuri hivi, mbona wewe mwenyewe hausuki? Kila siku na hii kichwa ya kunyoa."

Nilimwambia ni joto la Durban, kama ninavyowaambia wote. Sikumwambia kwamba kila Ijumaa ya pili nafunga mlango, nakaa mbele ya kioo kilekile, nawasha mashine, na nikimaliza nachukua wembe na kuchora mstari mmoja juu ya sikio la kushoto. Mkono wangu ni mzuri kuliko wake sasa. Mwitaliano mwenyewe kafuga nywele hadi kwenye kola, na kinyozi sijui anamnyoa nani. Wote wawili walihama. Tisa bado yuko hapa.